Maji Niliyoyafungia Mulango

Neema,

Acha hilo begi kwanza. Keti chini. Usisome barua yangu umesimama kama muntu anayengoja pikipiki. Na uisome yote leo, maana kesho ndani ya boti wenzako watachungulia begani mwako, na haya si maneno ya kuchunguliwa.

Sikuandikii mambo ya sweta. Mama yako amekwisha kukuambia kwamba Kirungu ni baridi, amekuambia mpaka majirani wamejua, na begi lako limejaa sufu kama duka la muhindi. Wala sikuambii upige simu ukifika Moba, wala uangalie dereva kabla ya kupanda pikipiki ya kwenda mulimani. Hayo utayasikia kesho bandarini kwa kila shangazi mwenye mudomo. Mimi nina neno lingine. Nimelibeba tangu siku uliporudi kutoka biro, ile ofisi ya wale watu wa parke ya mapumziko ya Kirungu, unaruka kama mbuzi, unapiga kelele tangu barabarani, "Bibi, wamenikubali! Nitakuwa mulinzi wa baraje!"

Nilikuwa nasonga bukari ya unga wa muhogo. Nikakuuliza, walikuuliza nini hao? Ukasema, "Waliniuliza kwa nini musichana anataka kukaa juu ya baraje, kwenye ukuta wa kuzuia maji, kulinda watu wanaokuja kuogelea. Nikawapa hadithi yetu, Bibi. Nikawaambia mama yangu alipokuwa mudogo alikaribia kufa chini ya baraje kwa sababu mulinzi alikuwa mulevi, na bibi yangu akaingia mwenyewe ndani ya maji akamutoa. Halafu mukubwa wao akasema, huyu ndiye tunayemutaka."

Mimi nikaendelea kusonga. Ukaniambia, "Bibi, hiyo bukari itakuwa jiwe." Ilikuwa jiwe kweli. Mulikula wote muna hasira na mimi.

Neema, hadithi ile ni uongo. Niliitunga mimi, kwa mudomo wangu huu. Mulinzi hakuwa mulevi. Na mimi sikuingia ndani ya maji hata mpaka kifundo cha muguu.

Sasa umekasirika. Vizuri. Kasirika, lakini endelea kusoma. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu kwa masista, na nimeharibu karatasi nyingi za daftari la mudogo wako ili barua hii isomeke, kwa hiyo usiitupe pembeni.

Nianze na baraje yenyewe, maana ya parke yako umeiona mara moja tu, na siku hiyo ulikuwa unapigwa picha. Mimi ni mutoto wa ziwa. Nimezaliwa nikisikia Tanganyika inapiga mawe. Na sisi watu wa ziwa tunasoma maji kwa uso wake. Ziwa likikasirika linakuambia kutoka mbali: unaona weupe kule katikati, unasikia upepo umegeuka, unavuta mutumbwi unakaa inchi kavu. Likitulia, unajua limetulia. Basi tunajidanganya kwamba tunajua maji yote ya dunia.

Babu yako aliponioa alinipeleka kule nyuma ya vilima, kwenye kiwanda cha vigae, alikokuwa anachoma tanuru. Kiwanda kilikuwa na baraje yake, ndogo, ya wazungu wa zamani: katikati mawe, huku na huku udongo ulioota majani. Siku ya kwanza alinipandisha juu ya ukuta ili nitembee. Nikatembea naringa na kitenge changu kipya. Halafu nikasimama.

Upande wa kushoto maji yalikuwa karibu na nyayo zangu, ningeweza kuinama nikanawa. Upande wa kulia, chini kabisa, niliona vichwa vya migomba. Vichwa, Neema. Nilikuwa naitazama migomba kutoka juu, kama ndege anavyoitazama, na yale maji nayo yalikuwa juu pamoja na mimi. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaelewa kwamba maji yale yote, na samaki ndani yake, na bata waliokaa juu yake, yalikuwa yamekaa hewani. Yameshikwa na udongo ambao watu waliupanga kwa mikono. Hayakupiga kelele. Hayakuwa na wimbi hata moja. Nikamushika babu yako mukono mbele ya watu, kitu ambacho sikukifanya tena mpaka tulipomuzika.

Nilipaswa kubaki na woga ule. Lakini muntu anazoea. Baada ya mwaka mumoja nilikuwa napita pale juu na beseni kichwani, nagombana na muntu, sitazami hata upande mumoja.

Na palikuwa pazuri, sitakuficha. Jumapili, misa ikiisha, watu walikuja na masufuria yao. Chini ya ukuta palikuwa na kiziwa cha maji safi, na mawe mapana ya kuanika nguo. Vijana waliruka kutoka mawe yale, wasichana walijifanya hawawaangalii. Mabibi-arusi walikuja na gauni zao ndefu kupiga picha juu ya ukuta. Wazee walicheza dama. Mimi mwenyewe nilijifunza kuelea mugongo pale, nikiwa na mimba ya mama yako, tumbo juu kama kisiwa, na wanawake wananicheka. Nikikumbuka furaha, nakumbuka pale. Kwa hiyo usinifikirie nakuambia watu wasiende kwenye maji. Waende! Mungu hakuumba maji yatazamwe tu.

Sasa muhogo.

Ukutani, upande wa juu, kulikuwa na mulango wa kupitisha maji yakizidi. Upana wake ni mikono miwili ya muntu mukubwa. Mbele ya mulango kulikuwa na vyuma vimesimama kama jela, vya kuzuia magogo. Mimi niligundua kitu. Muhogo ukiufunga ndani ya gunia ukauzamisha pale mbele ya vyuma, maji yanapita polepole kati yake, yanautoa uchungu na harufu, na siku ya tatu unatoka mweupe, laini, hauhitaji hata kuchaguliwa. Na mwizi hagusi, kwa sababu mulinzi wa baraje anakaa pale pale kuanzia asubuhi. Nilikuwa nimemupata mulinzi wa muhogo wangu bila kumuomba! Nilijiona nina akili kushinda wote. Wanawake wengine wakaona, wakaleta magunia yao, na mimi nikawa shefu, mukubwa wao: wewe funga hapa, wewe pale, wewe ngoja zamu yako. Ilipoanza mvua ya vilimani vile vyuma vilikuwa havionekani. Magunia tu, yamejipanga kama watoto wamelala kitanda kimoja.

Mulinzi aliitwa Papa Kilunga. Kijana wakati ule, mwembamba, muntu wa kule Moba, mwenye sauti ya chini kama anaungama kwa padri. Lutuku na pombe zote hakugusa. Alikuwa amepaka mustari mwekundu kwenye jiwe la ukuta, na kila asubuhi aliuangalia kama wewe unavyoangalia simu yako. Maji yakifunika mustari, hakuna muntu chini ya ukuta. Hiyo ilikuwa sheria yake, na alikuwa na filimbi.

Alinijia. "Mama Furaha, ondoa magunia kwenye vyuma."

"Yanakuuma wapi?"

"Hayaniumi mimi. Maji yanataka kupita."

"Si yanapita? Huoni yanapita? Ao macho umeyaacha kwa muchumba wako?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye akatabasamu kidogo, kwa haya, akasema, "Leo yanapita."

"Basi na kesho njoo uniambie ya kesho."

Na kweli alikuja. Nikamwambia yeye ni mutumishi, akae alinde. Akaja tena, na tena. Nikamuuliza kama mama yake alimulisha muhogo ao mawe. Wewe unanijua nikianza. Halafu akanyamaza, nami nikajisifu nyumbani kwamba nimemunyoosha.

Ile Jumapili kulikuwa na jua kali. Mvua ilinyesha usiku wake, lakini mbali, juu vilimani, kwetu hata tone. Kwaya ya parokia walikuja wote kufurahi, na masufuria, na ngoma, na watoto. Mama yako alikuwa hajaota meno ya pili. Alishuka na wenzake kwenye kiziwa, chini ya ukuta. Mimi nilikuwa juu, nimekaa karibu na vyuma, nalinda magunia yangu, maana kulikuwa na wageni wengi na niliogopa wezi. Mutoto chini, muhogo juu, na mimi nimekaa na muhogo. Soma hapo mara mbili.

Maji yalikuwa yamepanda. Niliyaona. Mustari mwekundu ulikuwa haupo. Lakini uso wake, Neema! Ulikuwa laini kama mafuta ya mawese kwenye sahani. Hata jani lililoanguka lilikaa bila kutikisika. Nikasema moyoni, yametulia haya. Nilisoma uso wake kama ninavyosoma ziwa.

Nikasikia filimbi. Papa Kilunga alikuwa anashuka mbio. Watu wa kwaya wakamwimbia wimbo wa kumucheka, mwenye ngoma akafuatisha filimbi kwa ngoma. Aliingia ndani ya kiziwa na viatu vyake, akawashika watu mumoja mumoja, akawasukuma juu ya kilima, waume kwa wake, na mwenyekiti wa kwaya akamupiga kofi. Akalimeza kofi. Mama yako alikuwa amepanda jiwe la katikati, anakataa kutoka. Akamubeba chini ya kwapa kama furushi la nguo, anapiga mateke, akamuweka juu, kwenye majani. Kiziwa kikabaki kitupu, na masufuria yanatoa moshi peke yake.

Halafu akapanda kuja kwangu, na panga.

Nikasimama. Nikafikiri anakuja kulipiza kisasi. Nikashika kamba ya gunia langu la kwanza, nikaizungusha mukononi, nikasema, "Ukigusa muhogo wangu utanikata na mimi."

Na hapo nikaisikia ile kamba.

Sijui niandike vipi. Kamba ilikuwa inatetemeka. Si kama kamba ya samaki, ile inayovuta na kuachia. Ilikuwa inatetemeka bila kuacha, kidogo sana, na ule mutetemeko ukapanda mukononi, ukaingia bega, ukafika kwenye meno yangu. Meno yakaanza kuimba kinywani. Nikatazama maji: kimya, mafuta, jani limelala. Na chini ya uso ule kulikuwa na kitu kizito kushinda vilima vyote, kinaegemea gunia langu la muhogo, kinauliza kama kinaweza kupita. Nimezaa watoto sita, nimeona vita ikiingia na kutoka, nimeona ziwa likibomoa nyumba. Sijawahi kushika kitu kama kile.

"Mama," akasema, sauti ile ile ya chini, "achia."

Nikaachia.

Alilala kifudifudi juu ya jiwe, akaingiza mukono ndani ya maji, akaanza kukata. Gunia la kwanza hata halikutoka, lilikuwa limebandikwa kwenye vyuma kama mukate kwenye tanuru. Ilibidi alikate katikati. Niliona vipande vya muhogo vinaingia kati ya vyuma, vinamezwa, hakuna sauti, hakuna povu, vilikuwepo na halafu havipo. Akakata la pili. La tatu. La nne lilipopasuka, maji yalipata njia, na yakaamka. Yakamuvuta mukono wake ukapita kati ya vyuma mpaka bega. Nilisikia mufupa, Neema. Yeye hakulia. Aligeuza uso akanitazama, kama muntu anayeuliza njia.

Nikamushika mukanda wa suruali, wanawake wawili wakanishika mimi, tukavuta. Tulimutoa. Mukono ulitoka umegeuka upande usiokuwa wake.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Upande wa pili wa ukuta, pale penye udongo, maji yalikuwa yameanza kupita juu ya majani, kamustari kadogo tu, kama muntu amemwaga beseni. Nikakatazama. Kakawa shimo. Halafu kipande cha ukuta, urefu wa nyumba yetu hii, kiliinama polepole kama muzee anayetafuta kiti. Kikakaa chini. Na migomba ile niliyoitazama kutoka juu siku ya kwanza, ililala yote pamoja, upande mumoja, kabla sauti haijanifikia. Sauti ilikuja nyuma. Niliisikia kwa tumbo. Pale penye masufuria ya kwaya palisimama maji mekundu, marefu kushinda muntu, yamebeba mawe mapana ya kuanikia nguo kama yamebeba sahani.

Sikuomba. Sikulia. Nilikaa chini na mudomo wazi. Tulitazama maji yakienda, yakienda, tukaona bwawa zima linashuka mbele yetu, na matope ya chini yanatokea, na samaki wanapigapiga kwenye jua, na tukahesabu watu wetu kwa macho. Wote walikuwepo. Hakufa muntu. Hakufa hata mumoja! Kwa sababu ya filimbi ya muntu tuliyekuwa tunamucheka.

Sasa sehemu yangu.

Wakubwa wa kiwanda walikuja, wakatukusanya kwenye hangari. Wakauliza, "Mulinzi aliwaonya kuhusu yale magunia?" Papa Kilunga alikuwa amekaa kwenye kiti, mukono umefungwa kwenye mbao mbili. Wanawake wote wakanitazama mimi, kwa sababu mimi nilikuwa shefu. Ningesema ndiyo, babu yako angepoteza kazi, na mimi ningetoka pale bila uso. Nikasema, "Hapana. Hakutuambia kitu. Na alikuwa ananuka pombe." Hiyo ya pombe hawakuniuliza. Niliiongeza mwenyewe, kama muntu anavyoongeza chumvi.

Wengine wakasema kama mimi. Papa Kilunga akautazama mukono wake uliofungwa. Walimufukuza wiki ile ile, na nyumba wakamunyang'anya.

Na mama yako? Alikuwa mudogo, alikuwa anakumbuka kitu kimoja tu: mukono uliomubeba, wenye maji, wenye nguvu. Kila siku ananiuliza, "Mama, ulikuwa mukono wa nani?" Nikamwambia ulikuwa wangu. Nilimuibia yule mwanaume mukono mara mbili. Na ninyi mumekua munaniita shujaa, na mimi nimekula ule ushujaa miaka yote, umeninenepesha.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako. Ndiyo maana umekuta nyumba kimya, si kwa sababu unaondoka, usijidanganye. Alivaa viatu. Nikavaa vyangu. Tulitembea mpaka kule karibu na reli, kwa Papa Kilunga, yeye mbele, mimi nyuma. Ndiyo, yuko hapa hapa Kalemie. Nimekuwa namuona kanisani. Namupa amani ya Kristo kwa mukono, na yeye ananipa wa kushoto, kwa sababu wa kulia haunyooki.

Alikuwa anashona wavu na wajukuu zake. Nikasema yote, nimesimama, mbele ya watoto wake. Kabla hajajibu, muke wake akatoka jikoni na mwiko.

"Mama Furaha! Miaka yote hii unanisalimia, 'Mama Kilunga, habari ya nyumba?' Habari ya nyumba gani? Ile uliyotunyima?"

"Ile ile," nikasema.

"Na unakuja mikono mitupu!"

"Mwache," akasema Papa Kilunga.

"Simwachi! Niliolewa na muntu wanamuita mulevi, na pombe sijaiona nyumbani kwangu hata ya Krismasi!"

Alinitukana vizuri sana, Neema. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna muntu mwingine anayejua kutukana. Nilikaa nikapokea yote.

Mama yako alikuwa hamusikilizi. Alikuwa anautazama ule mukono. Alipiga magoti kwenye mchanga akaushika kwa mikono miwili, pale ulipopindika, akaulaza kwenye shavu lake. Muntu muzima, mwenye mutoto mukubwa kama wewe. Yule muzee aliona haya, akatazama wavu wake. Muke wake akashusha mwiko.

Baadaye nikamwambia Papa Kilunga unapokwenda, na kazi unayokwenda kuifanya, naye akaniuliza jambo moja tu. Sio kwa nini. Aliuliza, "Hiyo baraje ya Kirungu, ni ya udongo ao ya mawe?" Macho yake yakawaka kama ya kijana. Akataka kujua kama mulango wake una vyuma, kama kuna mustari, kama watu wanaogelea chini ya ukuta ao upande wa juu. Sikujua hata kimoja. Akanigombeza! Mimi niliyekwenda kuomba musamaha, nikagombezwa kwa kutojua baraje ya mujukuu wangu. Halafu akasema maneno haya, na nimerudi nayo kichwani kama beseni lililojaa, nisimwage:

"Mimi pia nilikosa. Nilikuambia mara nne, Mama Furaha. Ulipiga kelele mara nne. Mara ya tano niliona umekuja na wenzako, nikasikia aibu, nikapita kama sijakuona. Mvua ikanyesha wiki ile. Mwambie mutoto mara ya tano ndiyo kazi yenyewe. Zile nne ni salamu tu." Akafikiri, akauliza, "Anajua kupiga kelele?"

Nikasema, "Ana filimbi."

"Filimbi waliifuatisha kwa ngoma," akasema.

Hilo ndilo linaloniogopesha, mwanangu. Siogopi kwamba utazama, unaogelea kama samaki. Naogopa kwa sababu wewe ni mutoto wa kupendwa. Tangu udogo ukiona muntu amekunja uso unamuachia kiti chako. Na kule watakuja watu wazuri, Jumapili, na nguo nzuri, na mushipi wa samaki, na keki ya mutoto, na hawatakuwa wabaya hata kidogo. Watakuwa kama mimi. Mama mumoja mwenye mudomo atatandika mukeka pale pasiporuhusiwa kwa sababu pana kivuli, atakuambia anajua maji tangu hujazaliwa, atakuuliza kama umeolewa, na watu wote watacheka. Utakuwa na joto usoni, utatamani kupita kama hujamuona. Yule mama ni mimi. Mutazame vizuri, na ujue kwamba uso wa maji nyuma yake umetulia.

Sijui kama unaweza. Na wewe hujui. Kwa hiyo tumepanga, mimi na yule muzee.

Kesho atakuja bandarini. Atakaa pale kwenye magunia ya dagaa, asikilize sauti yako; utamujua kwa mukono wake. Boti ikianza kusogea, mimi nitasimama ukingoni kabisa, pale askari wa bandari wanapokataza, vidole vya miguu nje. Utanipigia kelele nirudi nyuma. Sitarudi. Nitakuambia mbele ya abiria wote kwamba mimi ndiye niliyekuogesha, kwamba huna adabu, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Watacheka, Neema, nitahakikisha wanacheka. Utapiga tena. Nitakugeuzia mugongo.

Utahesabu mwenyewe mpaka mara ya tano. Mimi nitarudi nyuma siku moja tu maishani mwangu, nayo ni kesho, na ni wewe utakayenirudisha.

Bibi yako,
Mama Furaha